Rabai kwa siku moja kutoka Mombasa: anza na kaya, makumbusho yafuate

Ziara ya Rabai inastahili siku nzima, ilhali wengi wanaotoka Mombasa huipa saa moja tu. Hufika kwenye Makumbusho ya Krapf, mmisionari wa karne ya 19, hupiga picha mbele ya Kanisa la Mtakatifu Paulo, hunywa dafu kando ya barabara, na kabla ya adhuhuri wameshageuza gari. Walichokiona hapo ni makazi ya wageni. Mwenyeji yuko msituni, na bila yeye majengo ya misheni hayasemi mengi. Ndiyo maana tunaipanga safari hii kinyume cha mazoea: kaya, yaani mji wa kale wa Warabai ndani ya msitu, asubuhi na mapema, makumbusho na kanisa baadaye, kisha Kengeleni na Nyali wakati wa kurudi.

Kijiji kiko kaunti ya Kilifi, kama kilomita 25 kutoka kisiwani. Barabara ni ile kuu ya Nairobi: Makupa, Changamwe, Jomvu, Miritini hadi Mazeras, halafu unakata kulia kushika njia ya Kaloleni. Umbali si tatizo. Tatizo ni malori ya bandarini. Ondoka saa kumi na mbili u nusu asubuhi, kwa sababu ikishafika saa mbili foleni ya kutoka Changamwe hadi Miritini yaweza kukumeza saa nzima. Jumapili barabara huwa nyepesi zaidi, lakini kanisani kuna ibada, na si adabu kuzurura na kamera katikati ya sala za watu. Jumamosi ndiyo siku inayofaa zaidi.

Asiye na gari apande matatu ya Kaloleni inayopitia Mazeras, amwambie makanga mapema kwamba anashuka Rabai. Akikosa ya moja kwa moja, apande ya Mariakani, ashuke Mazeras, avuke barabara kwa uangalifu na kuchukua nyingine au bodaboda. Na bodaboda patana bei kabla hujakaa, tena mkubaliane kama atakungoja au atarudi, maana mchana pikipiki huwa chache kijijini kuliko pale njia panda.

Mazeras penyewe usipite bila kutazama. Mawe bapa yanayotandazwa kwenye nyua na kubandikwa kwenye kuta za nyumba nyingi za Mombasa hutoka vilima vya upande huu. Hapa matumbawe ya pwani yamekwisha na mawe ya mchanga yameanza, ndipo ardhi inapoinuka na upepo ukabadilika. Kwa msafiri maana yake ni kwamba vijia vya kijijini vina changarawe na udongo unaoteleza. Mwezi wa Aprili na wa Mei, masika yakiwa yamekolea, ndala hazifai hata kidogo. Vaa viatu vyenye meno.

Sasa kaya. Wamijikenda ni tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wajibana, Wakambe, Wakauma, Waribe na Warabai. Simulizi zao zinasema walitoka Shungwaya, kaskazini, wakashuka kwa vipindi na kujenga miji yenye ulinzi ndani ya misitu. Mji wa namna hiyo ndio kaya: uwanja uliofyekwa katikati, msitu mnene umeuzunguka, na njia chache za kuingilia ambazo kila moja ilikuwa na mlango wake. Zilianza kujengwa karne ya 16, na kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wameshahamia nje, kwenye mashamba. Msitu ukabaki mikononi mwa wazee, mahali pa makaburi, pa maombi na pa kukatia mashauri. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Wamijikenda katika orodha ya Urithi wa Dunia, na za Rabai zilizomo ni Mudzi Muvya, Bomu na Fimboni. Mwaka uliofuata, 2009, mila zenyewe za kaya ziliingizwa katika orodha nyingine, ile ya mambo yanayohitaji kuokolewa kwa haraka. Kwa hiyo mzee anayekuongoza msituni ni sehemu ya urithi sawa na mti anaokuonyesha, na muda wa kumsikiliza ni mfupi kuliko umri wa mti.

Mudzi muvya kwa Kirabai ni mji mpya. Krapf naye katika maandishi yake alikiita kituo chake Rabbai Mpia. Lishike jina hilo kichwani, litakusaidia utakapofika makumbusho: misheni ilikuja kuomba nafasi pembeni mwa mji uliokuwa na jina, wazee na sheria zake.

Kuingia kaya kuna utaratibu, na hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika. Mpango ufanywe siku kadhaa mbele, si siku yenyewe. Njia nyepesi ni kuwapitia wahudumu wa makumbusho, nao wakuunganishe na wazee wa kaya. Ukifika ghafla, mzee atakuwa shambani au matangani, na hakuna mwingine mwenye idhini ya kukuingiza. Yaweza pia kuwa siku hiyo kuna tambiko, na hapo msitu umefungwa kwa wageni bila mjadala. Fika na noti ndogondogo kwa ajili ya ada ya wazee, na uulize kiasi kabla ya kuanza kutembea, kwa heshima, ukikabidhi kwa mikono miwili. Chukua leso mbili au kaniki hata kama umevaa suruali ndefu, kwa kuwa utaratibu wa mavazi huamuliwa na mzee mlangoni. Beba maji, lita moja na nusu kwa kila mtu, na kila ulichoingia nacho utoke nacho.

Ndani usikate kitu wala usiokote kitu, hata kijiti kikavu. Wageni huona katazo la kuni kavu kuwa limepita kiasi, lakini ndilo lililouweka msitu mpaka leo: wa kwanza huokota kijiti, wa pili huja na panga kutafuta kinachoweza kukauka. Usipige picha mpaka uambiwe wapi. Kuna sehemu hazionyeshwi mgeni yeyote, hasa zinazohusu makaburi na fingo, yaani kinga iliyofukiwa ardhini kuulinda mji. Mzee akisema “hapa turudi”, rudi, wala usiulize mara ya pili. Matembezi yote huchukua kama saa mbili, na ni heri yaishe kabla ya saa nne u nusu, jua likiwa bado halijawa kali.

Tatizo jingine ni matarajio. Anayetafuta magofu makubwa kama ya Gede au Jumba la Mtwana atatoka mikono mitupu, kwa sababu nyumba za kaya zilikuwa za miti na makuti, nazo hazidumu. Utakachoona ni uwazi, miti mikubwa, njia iliyokanyagwa kwa karne kadhaa, na kimya kilicholindwa. Bila maelezo ya mzee utaona kichaka tu. Kwa maoni yetu hapa ndipo palipo uzito wa safari yote, na ndipo pa kutumia pesa hata kama bajeti ni ndogo.

Ukitoka kaya, makumbusho utayaona kwa jicho tofauti. Yamo katika jengo la zamani la misheni, na utaambiwa kwamba hilo ndilo kanisa la kwanza nchini Kenya. Lipokee kwa masahihisho. Wareno walikuwa na kanisa Mombasa zaidi ya miaka 200 kabla. Hata ndani ya Fort Jesus, ambayo ujenzi wake ulianza 1593, kuna msingi wa kanisa lao. Sahihi ni kusema kwamba hapa ndipo chimbuko la Uprotestanti Kenya, na sifa hiyo yatosha. Karibu yake ni Kanisa la Mtakatifu Paulo, la miaka ya 1880, ambalo bado lina waumini wake, pamoja na nyumba zinazohusishwa na Krapf na mmisionari mwenzake Rebmann.

Habari za msingi ni hizi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alipita Unguja akapewa barua na Sultani Sayyid Said, akafika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye, Julai, mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki kwa homa. Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo wawili hao, wote wagonjwa wa homa, wakapanda kilima kuanza kazi Rabai kwa idhini ya wazee. Kazi yenyewe ilikwenda polepole mno. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu, naye alibatizwa mwaka 1851 akiwa karibu na kufa.

Tarehe mbili hutajwa sana: 11 Mei 1848, Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro, na 3 Desemba 1849, Krapf alipouona mlima Kenya akiwa Kitui. Mwelezaji mzuri hatakomea hapo, naye asipoendelea, muulize. Msafara wa Rebmann uliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua njia ya Uchagga muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote kuifikiria. Krapf naye alihadithiwa mlima na Kivoi, mkuu wa Kikamba aliyekuwa mfanyabiashara. Habari za theluji karibu na ikweta zilipofika London zilibishwa na mabingwa wa ramani waliokuwa hawajawahi kufika Afrika Mashariki.

Ramani ndiyo mada nyingine ya kuulizia. Jakob Erhardt, aliyejiunga nao mwaka 1849, na Rebmann waliwauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara, wakachora ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la koa. Kosa lao linaelezeka: kila msafara ulifika ukingoni mwa ziwa kwa njia yake, na wachoraji wakayaunganisha Nyasa, Tanganyika na Viktoria yakawa maji mamoja. Ramani ilipotolewa katikati ya miaka ya 1850 ilizua mjadala mkubwa, na Januari 1857 wapelelezi Waingereza Burton na Speke, wakielekea kuyatafuta maziwa hayo, walifika kumwona Rebmann kwenye kituo chake cha Kisuludini, hapahapa Rabai.

Kwa msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, kitu cha thamani zaidi ni lugha. Krapf alitoa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Kiswahili kilichomo ni Kimvita, cha Mombasa. Lugha yetu ilikuwa ikiandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu kabla yake, kwa hiyo si yeye aliyeipa maandishi. Alichokifanya ni kuiweka katika herufi za Kirumi na kukusanya maneno ambayo mengine leo hutayasikia hata Mji wa Kale. Rebmann naye alikaa na Salimini, mtumwa aliyeletwa Mombasa kutoka nchi ambayo leo ni Malawi, akaandika kamusi ya lugha yake iliyochapishwa mwaka 1877. Kamusi ile ni ya Rebmann kwa jina, lakini kila neno lilitoka kinywani mwa Salimini. Ukipewa dakika tano tu za kuuliza maswali, uliza habari zake.

Hapa tuseme wazi upungufu wa mpango mzima. Jina la makumbusho ni la Krapf, nayo hadithi inavutwa upande wake. Lakini Krapf aliondoka mwaka 1853. Kilichoifanya Rabai kuwa Rabai kilikuja baadaye, nacho ni watumwa watoro.

Mkataba wa 1873 kati ya Waingereza na Sultani wa Unguja ulifunga soko la watumwa Unguja na kuzuia biashara ya baharini, lakini utumwa wenyewe pwani ya Kenya haukufutwa kisheria mpaka 1907. Katika miaka hiyo 34, mtumwa wa shamba la Mombasa, Takaungu au Malindi aliyetoroka alikuwa na mahali pachache pa kukimbilia, na Rabai ilikuwa mojawapo. Viongozi wa misheni walikatazwa kuwapokea, maana mabwana walitishia kuja na silaha. Aliyeendelea kuwapokea ni William Jones, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, akakombolewa na kusomeshwa Nasik, India. Watu wa namna yake waliitwa Wabombei. Jones aliiongoza Rabai katika miaka ya 1880, kijiji kikajaa watu waliokuja na majina ya makabila ya mbali. Hatimaye George Mackenzie wa Imperial British East Africa Company akakubaliana na mabwana walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889, hapa Rabai, hati za uhuru zikagawiwa. Waliohusika katika misheni za pwani walikuwa zaidi ya 1,400, na sehemu kubwa yao walikuwa wakiishi Rabai. Siku hiyo pekee ingetosha kuwa makumbusho kamili.

Jones huyohuyo alipewa ushemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington, wakafuatana kuelekea Uganda. Askofu aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huo, na ni Jones aliyewarudisha waliobaki hadi Rabai mwanzoni mwa 1886. Mwingine wa kumuulizia ni Isaac Nyondo, Mrabai, mtoto wa Abe Gunja aliyekuwa miongoni mwa Wakristo wa mwanzo. Rebmann alipoondoka mwaka 1875, macho yamekufa baada ya miaka 29 bila kurudi kwao, Nyondo ndiye aliyemshika mkono mpaka Ulaya.

Upande wa huduma, makumbusho yanataka saa moja na nusu, pamoja na nyumba na kanisa. Malipo ya makumbusho ya taifa hufanywa kwa eCitizen, kwa hiyo simu iwe na chaji na bando kabla hujafika. Mtandao vilimani haueleweki, na kukwama mlangoni na noti mkononi ni jambo la kawaida. Fungua akaunti nyumbani. Mkenya aje na kitambulisho, maana viingilio vya raia, mkaazi na mgeni vinatofautiana. Vikundi vya shule vitoe taarifa mapema, tena vigawanywe watoto 15 kwa 15, kwani vyumba ni vidogo na walio nyuma hawasikii kitu. Mtoto wa chini ya miaka minane atafurahia nje kuliko ndani. Mwenye kiti cha magurudumu ataliona kanisa na uwanja, lakini njia za kaya hazimfai.

Chakula usikitegemee kijijini kama hukuagiza. Kunywa chai ya mahamri na mbaazi kabla ya kupanda, au mwombe mwenyeji wako tangu siku ya mpango akupikie ugali na mchunga. Mchunga ni mboga chungu na hupikwa kwa tui, na nazi ya huku si ya kubania.

Rabai pia ni nchi ya wagema. Mnazi hugemwa asubuhi na jioni, mgema akikata kipande chembamba cha karara ili utomvu uendelee kutiririka. Tembo, yaani pombe ya mnazi, la asubuhi ni tamu na jepesi. Lilelile likifika jioni limekuwa kali na chachu, kwa sababu hamira ya asili haiachi kufanya kazi ndani ya chombo. Kwa hiyo anayenunua mchana apeleke Mombasa, akaziba kifuniko barabara na kuliacha garini juani, atalikuta limefumka na kulowesha viti vyote. Dereva asiguse. Kaya nayo haiingiwi na mtu aliyekwisha kunywa.

Toka Rabai saa nane u nusu, saa tisa ikizidi, ili uiwahi foleni ya Miritini kabla haijafunga. Ukivuka daraja la Nyali, simama Kengeleni. Kengele iliyokipa kituo jina lake ni ya Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa miaka miwili hivi baada ya mkataba wa 1873 na kupewa jina la Bartle Frere. Ilipigwa kutahadharisha watu jahazi za watumwa zinapokaribia. Iko kando ya barabara yenye magari mengi, basi egesha mbali uje kwa miguu. Dakika kumi zatosha.

Malizia kwenye kaburi la Rosine Krapf huko Nyali, kabla ya saa kumi na mbili. Mwenyewe aliomba azikwe bara, si kisiwani, ili wapita njia waelekeao vilimani walione kaburi lake. Jioni jua huwa nyuma ya kisiwa, na ng'ambo ya maji unauona Mji wa Kale, ambako mwaka uleule wa 1844 Kadhi Ali bin Muhyiddin alikuwa akiketi na mgane wake kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.